Barua ya wazi kwa wakubwa wa Porsche kuhusu ile beringi

Kwenu wakubwa wa Porsche kule Zuffenhausen, Stuttgart, na kwa yeyote kati yenu anayeamua gari gani inaitwa irudi kurekebishwa na gari gani inaachwa hivyo hivyo, salaam nyingi.

Mimi ni mtu wa magari, naishi Dar, na ninaowasemea hapa ni wenye Boxster na 911 za zamani zilizoingia Afrika Mashariki kwa meli, nyingine kutoka Uingereza, nyingine Japani, zikiwa zimeshapita kwa mmiliki wa kwanza na wa pili huko huko. Hawa watu hamuwajui majina na barua zenu haziwafikii, kwahiyo nawaandikia nyie kwa niaba yao, kuhusu beringi iliyomo ndani ya injini za gari zao ambayo ikifa inaua injini nzima, tena hadharani ili kila mtu asome.

Nianze na kitu mlichokifanya vizuri maana ndicho kinachonipa nguvu ya kudai hiki kingine. Mwaka 2013 mlitoa 911 GT3 ya kizazi cha 991, injini ya lita 3.8, nguvu farasi 475, inazunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika, gari ya ndoto kabisa. Mwanzoni mwa 2014 mbili zikawaka moto huko Ulaya. Hamkusubiri ya tatu. Februari mkawaambia wenye GT3 zote za modeli ya 2014, dunia nzima zilikuwa 785, wapaki wasiendeshe, na mkajitolea kuzifuata wenyewe mzipeleke kwa dila. Machi mkatoka hadharani mkasema chanzo ni nini, bolti za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zinalegea, konrodi ikiachia inapasua kasha la injini, oili inamwagika kwenye vyuma vya moto na kuwaka. Alafu mkabadilisha injini, sio bolti tu, injini nzima kwa kila gari, zote 785. Na baadaye injini hizo za GT3 zilipoanza kuonyesha shida nyingine upande wa valvu mkaongeza waranti ya injini mpaka miaka 10. Hapo nawapa mkono wa pongezi bila kinyongo, kampuni chache sana zingefanya hivyo kwa haraka vile.

Sasa niambieni, ile injini ya M96 ilikosa nini mpaka isipewe hata robo ya heshima hiyo?

Kwa wasomaji wasioijua, M96 ndiyo injini ya kwanza ya Porsche ya silinda sita za kulala inayopozwa kwa maji kwenye gari za kawaida za barabarani, ilianza na Boxster 986 mwaka 1996 alafu ikaingia kwenye 911 ya kizazi cha 996 iliyotoka 1997. Ndani yake kuna shafti ya kati, wapenzi wa gari hizi wanaiita IMS kila mahali duniani, ambayo inachukua mzunguko kutoka kwenye krenki na kuupeleka kwa cheni hadi kwenye kemshafti zinazofungua na kufunga valvu. Upande wa flaiwili, nyuma ya klachi, shafti hii imeegemea beringi ya gololi iliyofungwa kwa sili na grisi yake ndani, imewekwa pale idumu maisha yote ya injini. Sili zinachoka. Oili ya injini inapenya kidogo kidogo, inaosha grisi, alafu hiyo oili yenyewe haizunguki vya kutosha humo ndani, inakaa ile ile inachakaa, na gololi zinaanza kulika. Siku beringi ikisambaratika shafti inayumba, cheni inapoteza taimingi, valvu zinagongana na pistoni na vipande vya chuma vinasambaa na oili kila kona. Hapo hakuna cha kutengeneza tena, ni kutafuta injini nyingine, na kwa Boxster ya leo bei ya injini nzima inaweza kuipita bei ya gari yenyewe.

Mnalijua hili kuliko mimi. Beringi ya mwanzo ilikuwa ya safu mbili za gololi, karibu mwaka 2000 mkaanza kuweka ya safu moja ambayo ndiyo inayoongoza kwa kufa, alafu kwenye gari za 2006 hadi 2008 mkaweka kubwa zaidi, imara zaidi, ila hiyo haitoki mpaka uifungue injini yote vipande viwili. Na kwenye injini mpya ya modeli za 2009 hiyo shafti ya kati mkaiondoa kabisa. Kampuni haibadilishi kitu hivi na mwishowe kukifuta kama hakuna kilichoisumbua, mimi ndivyo ninavyosoma, na kama nimesoma vibaya basi tokeni mseme mlikuwa mnafikiria nini.

Kuna jingine ambalo linaniuma zaidi. Kipindi hicho hicho 996 Turbo, GT3 na GT2 hazikuwa na injini hii. Zilipewa injini ya ukoo wa mhandisi wenu Hans Mezger, ile iliyotokana na gari za mashindano, na beringi hii tunayoilalamikia haimo humo. Yani aliyenunua ile ya bei kali zaidi alipata kilichojaribiwa miaka na miaka, na aliyejibana akanunua Boxster au Carrera ya kawaida akabeba hatari peke yake. Na tukumbushane, Boxster na 996 ndizo zilizowatoa shimoni, mwanzoni mwa miaka ya 90 kampuni yenu ilikuwa inakaribia kufa, mauzo yameanguka, na gari mbili hizi zilizochangia vipuri vingi kuanzia milango mpaka injini ndizo zilizowasimamisha tena. Walionunua gari hizo walilipia uhai wenu.

Najua jibu linalotolewaga, kwamba hii sio hitilafu ya usalama, ni injini imechakaa tu, gari inazima, unapaki pembeni, unaita breki dauni. Mtu anayejibu hivyo hajawahi kuendesha Chalinze kwenda Morogoro wala Nairobi kwenda Mombasa. Sehemu kubwa ya njia hizo ni leni moja kwenda na moja kurudi, malori yamejipanga, na ukiovateki lori la semi unakaa upande wa wenzako kwa sekunde nyingi ukitegemea kitu kimoja tu, kwamba injini itaendelea kuvuta. Injini ya 996 ikifia hapo, pawa stelingi yake inaendeshwa na injini kwahiyo usukani unakuwa mzito ghafla, sapoti ya breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, na huna mwendo wa kumaliza kuovateki wala nafasi ya kurudi nyuma ya lori, na kilomita nyingi za njia hizo hazina bega la maana la kupaki. Hii nayo mnaiita uchakavu? Kwangu ni usalama mtupu, na sio wa mwenye Porsche peke yake, ni wa dereva wa lori, wa bodaboda aliyebeba mama na mtoto, na wa abiria wa basi linalokuja upande ule.

Tatizo ni kwamba nyie na wenzenu wa magari ya kifahari mnashtushwa na moto tu. Ferrari 458 Italia zilipoanza kuungua mwaka 2010, wakubwa wa Ferrari kule Maranello wakagundua ni gundi iliyoshikilia kinga ya joto kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, wakaziita gari 1,248, gundi ikatolewa zikafungwa kwa vifungio vya chuma, na walioteketezewa gari wakapewa mpya. Lamborghini, ndugu zenu wa kundi moja la Volkswagen, mwaka 2017 wakaita Aventador kama 5,900 kwasababu mvuke wa petroli ungeweza kufika kwenye gesi za moto za ekzosi. Na nyie GT3. Moto unapigwa picha, video inazunguka dunia nzima kwa saa moja, hisa zinatikisika, simu zinaita. Beringi ikifa haitoi picha yoyote, ni gari imezima na mtu anahesabu hela pembeni ya barabara, basi inakuwa shida yake binafsi.

Alafu hata pale mnapolazimishwa mnatoa kwa kijiko. Mwaka 2013 mlimaliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa Marekani kuhusu beringi hii, na makubaliano yakahusu Boxster na 911 zilizotengenezwa kati ya tarehe 4 Mei 2001 na tarehe 21 Februari 2005 tu, tena ndani ya miaka 10 tangu gari ianze kutumika au maili 130,000. Ya Aprili 2001 haimo. Ya 1999 haimo. Na aliyeko Uingereza, Japani, Kenya au Tanzania akiwa na injini ile ile, beringi ile ile, imetengenezwa wiki ile ile, hayumo kabisa kwasababu mahakama ilikuwa ya Marekani. Chuma hakijui mpaka wa nchi. Mmekubali kulipa pale ambapo jaji angeweza kuwashika, kwingine kote kimya, na hata huko Marekani haikuwa rikoli, hakuna gari iliyoitwa ibadilishwe beringi kabla haijafa, mtu alirudishiwa sehemu ya hela baada ya maumivu.

Ukijumlisha 986 na 996 mlitengeneza zaidi ya laki tatu. Nadhani hapo ndipo penye siri yote. Injini 785 mnaweza kuzilipia na mkabaki mnasifiwa kwenye magazeti, laki tatu zinatisha. Lakini hakuna anayewaambia mbadilishe injini laki tatu! Beringi inafikika kutokea nyuma ukishashusha giaboksi, klachi na flaiwili, fundi anayejua anaibadilisha bila kufungua injini kwa zote za mwanzo mpaka hizo za safu moja. Kampuni ndogo tu ya Marekani, LN Engineering, ilikaa chini ikatengeneza beringi mbadala za gololi za seramiki na vifaa vya kuzivutia nje, na watu dunia nzima wanazinunua kwa hela zao na kubadilisha pale pale wanapobadilisha klachi. Karakana ya watu wachache iliweza. Nyie wenye wahandisi kwa maelfu na mauzo ya zaidi ya magari 320,000 kwa mwaka 2023 peke yake mnashindwaje?

Ninachoomba kwenye M96 ni hiki. Semeni kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa mwenye gari, kwamba beringi hii ina udhaifu, ni gari za kuanzia chesi namba ngapi hadi ngapi zina ya aina gani, na mtu afanye nini. Mafundi wazuri wa huku wameshajifunza wenyewe, wanamwaga oili mapema kuliko kitabu chenu kinavyosema, wanakata oili filta na kuikunjua kuangalia kama kuna vichengachenga vya chuma vinang'aa, wanamwambia mteja asiburuze injini kwa mzunguko mdogo kwenye gia kubwa. Haya yalitakiwa yatoke kwenu, yasisubiri fundi wa Kinondoni ayagundue kwa kuona injini za wateja zinakufa. Na beringi yenyewe itoeni bure, au basi angalau kwa bei ya kuitengeneza, kwa kila gari ambayo bado inatembea. Zilizobaki barabarani leo ni pungufu ya zile mlizotengeneza, na kila mwaka zinazidi kupungua, kwahiyo hata kisingizio cha gharama kinaisha nguvu.

Mtasema gari ina zaidi ya miaka 20, kila kitu kina mwisho. Sawa kabisa, breki pedi ina mwisho, klachi ina mwisho, na hakuna anayewadai hivyo. Ila kitu kilichowekwa humo ndani bila ratiba ya kukibadilisha, ambacho kikifa kinaua injini nzima, hicho ni kosa la mezani, la mchoro, na kosa la mchoro halizeeki.

Hili la pili ni pana kuliko Boxster. Rikoli zenu hata zikitangazwa vizuri zinamfuata mtu aliyeandikishwa kwenye nchi ambayo gari iliuzwa. Uingereza kampuni inapata majina ya wamiliki kutoka DVLA, ofisi ya serikali inayosajili magari, na kuwatumia barua nyumbani. Gari ikishapakiwa kwenye meli kuja Mombasa au Dar, huo uzi umekatika, barua inakwenda kwa mzungu ambaye ameshanunua gari nyingine. Chukueni mfano wa Cayenne, najua sio gari ya spoti kwa maana halisi lakini ndiyo Porsche iliyojaa Nairobi na hapa Dar. Machi 2016 mliita Cayenne 409,477 za modeli za 2011 hadi 2016, pamoja na Volkswagen Touareg kama 391,000, kwasababu ya klipu kwenye kishikio cha pedali ambayo inaweza kuachia. Pedali! Kazi yenyewe fundi wa dila anaimaliza muda mfupi tu. Sasa Cayenne za miaka hiyo ndizo zilizokuja kununuliwa mtumba kwa wingi huku kwetu, Kenya wana sheria ya gari isiyozidi miaka minane kwahiyo zile za 2011 hadi 2016 ziliwaingia kwa mfululizo wa miaka mingi, na mwenye gari asipojua kuuliza nani atamwambia? Wangapi wanakanyaga pedali hiyo kila asubuhi wakienda kazini na hawajawahi kusikia habari hii?

Kwahiyo dila wenu wa huku wapeni amri ya wazi, gari yoyote yenye nembo yenu ikiingia getini, iwe ilinunuliwa kwao au ilishushwa bandarini, chesi namba ichekiwe bure na kama kuna rikoli haijafanyika ifanyike bure, bila maswali ya ulinunua wapi wala macho ya kumdharau mtu kwasababu gari yake ni ya mkono wa tatu. Na msikae kungoja waingie getini. Tumieni redio, tumieni magazeti, tumieni makundi ya wenye magari kwenye simu, majina ya matoleo yenu mapya mnajua kuyatangaza sana kwenye hizo hizo njia.

Na rekebisho liwe rekebisho. Hapa Ferrari wametoa somo baya. Mwaka 2022 walitangaza rikoli Marekani ya gari 23,555, karibu kila modeli waliyouza kule tangu 2005, sababu ni kifuniko cha kikopo cha maji ya breki ambacho kinaweza kisipumue, hewa inavutana humo ndani, maji yanavuja, na breki zinaweza kupungua au kupotea kabisa. China tayari walikuwa wameziita 458 na 488 zipatazo 2,222 kwa tatizo hilo. Na dawa ikawa kifuniko kipya pamoja na programu inayoonyesha ujumbe kwenye dashibodi kwamba maji ya breki yamepungua, simama. Miaka 17 ya magari na kifuniko hicho hicho! Kwangu mimi ujumbe wa kuniambia breki zinaondoka haufanani na kuwa na breki. Nyie msije mkatujibu kwa taa ya onyo.

Mwisho niwaguse na wa nyumbani, shirika la viwango TBS hapa kwetu, na kule Kenya shirika la viwango KEBS na mamlaka ya usafiri na usalama barabarani NTSA. Magari ya mtumba yanapita mikononi mwenu, KEBS mna mawakala wanaokagua huko huko Japani, Uingereza na Dubai kabla gari haijapanda meli. Chesi namba mnayo mkononi. Orodha za rikoli Marekani ziko wazi mtu yeyote anaweka chesi namba anaona, Uingereza wana ukurasa wa serikali wa kuangalia, Japani wizara yao inatangaza. Basi iwe sharti kwamba gari yenye rikoli ya usalama haijafanyika isipewe cheti mpaka ifanyiwe huko ilikotoka, ambako dila wapo na spea zipo na ni bure. Ikishashushwa bandarini mzigo wote unamwangukia mnunuzi ambaye ameshalipa ushuru na hana pa kwenda. Hili halihusu wenye Porsche peke yao, mwenye Passo na mwenye Noah ananufaika sawa sawa, pengine zaidi.

Wakubwa wa Porsche, watu ninaowasemea wanazipenda gari zenu kweli. Wanaagiza spea Ujerumani kwa hela ya kujibana, wanakesha wanasoma vitabu vya mafundi kwa Kiingereza cha kuungaunga, watoto wao wanajua kutofautisha mlio wa silinda sita za kulala na mlio wa gari nyingine yoyote. Hawaombi zawadi. Jibuni hadharani kama nilivyoandika hadharani, mambo mawili tu: beringi ya M96 mtaitoa au hamtoi, na rikoli ya gari iliyoletwa mtumba dila wenu wa Afrika Mashariki wataifanya bure au hawafanyi. Mkishajibu, sisi tutawafikishia wenye magari wenyewe.